Msianze Matanga Mapema

Toleo lililopita niligusia kwa aya mbili tu habari ya fundi wa kivuko cha MV Nyerere aliyetolewa hai wakati watu wanahesabu maiti. Nikaahidi kwamba mkiuliza nitaeleza. Mmeuliza! Kikapu changu cha ukili kimejaa barua, na simu yangu ndogo imejaa ujumbe hadi ikaanza kukataa mwingine. Nimechagua sita. Kwa msomaji mgeni wa ukurasa huu: mimi ni muuguzi mstaafu, nimefanya kazi miaka 31 katika wodi za Kanda ya Ziwa, mingi kati ya hiyo katika wodi ya majeruhi. Najibu kwa yale niliyoyashika kwa mikono yangu na yale niliyoyasoma kwa sababu mikono ilikosa majibu.

*

*Shikamoo Bibi. Mimi ni mwendesha mtumbwi hapa Ukerewe. Kivuko kilipinduka Alhamisi, fundi akatolewa Jumamosi. Mtu anapumua nini huko chini siku mbili? Wazee wetu wanasema alikuwa na dawa.* — Msomaji, Nansio

Marahaba mwanangu. Chukua kikombe cha plastiki, kifudifudize, kizamishe wima ndani ya beseni la maji. Utaona maji hayajai kikombe. Hewa iliyokuwemo imekosa pa kutokea, inabaki juu. Hiyo ndiyo dawa ya fundi yule.

Kivuko kilipinduka tarehe 20 Septemba 2018, kikitokea Bugolora kwenda kisiwa cha Ukara, Ziwa Victoria, gati la Bwisya likiwa tayari linaonekana. Kilikuwa na ruhusa ya kubeba watu 101. Waliokufa peke yao walizidi 220. Lakini hakikwenda chini chote. Kilipinduka tumbo likabaki juu ya maji, na wewe uliye huko bila shaka uliliona kwa macho yako. Sehemu za mitambo, ambazo siku zote ziko chini, sasa zikawa juu, na hewa ikanaswa humo. Fundi alikuwa upande huo. Wazamiaji walimkuta karibu na injini, amejaa mafuta ya mashine mwili mzima.

Hewa ya namna hiyo haidumu milele. Kinachotangulia kumuua mtu mle ndani mara nyingi si kwisha kwa hewa safi, bali kujaa kwa hewa chafu anayoitoa mwenyewe. Kichwa kinauma, usingizi unamjia, anaanza kuhema kama aliyepanda mlima. Bahati ni kwamba maji yanafyonza kiasi cha ile hewa chafu. Ndiyo maana mtu mmoja katika chumba kikubwa, ametulia, hapigi kelele ovyo, anaweza kuvuka siku mbili, na watu kumi katika chumba kilekile wasivuke hata saa chache.

Halafu kuna baridi. Utaniambia maji ya ziwa letu ni ya uvuguvugu. Ni kweli ukioga. Lakini mwili una joto la nyuzi 37, ziwa lina nyuzi 25 au pungufu, na maji yanaupora mwili joto kwa kasi ya takriban mara 25 kuliko hewa. Ukipata kitu cha kupanda, hata kifua tu kikatoka nje, umejiongezea masaa.

Huyo wa Ukara hakuwa wa kwanza. Tarehe 26 Mei 2013, meli ndogo ya kuvuta meli kubwa, Jascon-4, ilipinduliwa na bahari nje kidogo ya pwani ya Nigeria, ikaenda hadi chini kabisa, kina cha mita 30 hivi. Walikuwemo watu 12. Mpishi wao, Harrison Okene, alikuwa msalani alfajiri hiyo. Maji yalimsukuma hadi kwenye chumba kimoja kilichobaki na hewa, akatengeneza kitanda cha magodoro na mbao ili mwili usikae majini, akawa na chupa moja ya soda. Giza totoro. Alikaa humo karibu saa 60. Wazamiaji waliokuja walitumwa kutafuta maiti. Mmoja wao aliona mkono majini, akaushika kama alivyoshika mingine kabla yake, na ule mkono ukamshika yeye.

Soma tena sentensi hiyo. Walikwenda kutafuta maiti! Kazi waliyoagizwa ilikuwa kuokota. Kama wangetangaza kwamba bahari imetulia na roho zimekwisha, tuzifuate mwezi ujao, yule mpishi angekufa pale akisikia milio ya meli zikipita juu yake.

Na hapa nina neno kwenu watu wa vyombo vya majini, nalisema kwa uchungu. Mwaka 1996 nilikuwa zamu Mwanza meli ya abiria MV Bukoba ilipopinduka, tarehe 21 Mei. Nayo ilibaki tumbo juu kwa muda. Ndani mlikuwa na watu hai. Waokoaji wakatoboa chuma ili wawatoe, hewa ikatoka kwa kishindo kupitia lile tundu, meli ikazama. Nia yao ilikuwa njema, wala simlaumu hata mmoja wao. Nani alikuwa amewafundisha? Ila tukumbuke kikombe kwenye beseni. Kitoboe kitako uone kinavyokwenda chini. Ukisikia watu wanagonga ndani ya chombo kilichopinduka, gonga uwajibu, kifunge kwa kamba kwenye vyombo vingine kisizame, na njia ya kuwafikia ipite majini kwa mzamiaji. Kila nikipita Igoma kwenye makaburi ya waliokufa humo nalikumbuka tundu lile.

*

*Bibi salaam. Mimi mchimbaji mdogo. Hapa kambini tunabishana juu ya wale wa Nyangarata. Wengine wanasema siku 41 bila chakula ni uongo wa magazeti. Kweli walikula mende?* — Msomaji, Kahama

Si uongo, mwanangu, na wewe uko jirani kabisa na mahali penyewe. Duara lao, yaani shimo la kuchimba dhahabu, liliporomoka tarehe 5 Oktoba 2015. Watano walitolewa hai tarehe 15 Novemba. Mwenzao wa sita alifia humo humo. Wenyewe walisema walikula mende, vyura na mizizi, na wakanywa maji machafu yaliyokuwa yakichuruzika kutoka juu.

Mnabishana juu ya mende wakati jibu liko kwenye maji. Mtu mzima akikosa chakula kabisa lakini anakunywa, anaweza kufikisha wiki kadhaa. Mwili unakula mafuta yake, kisha unakula nyama yake. Akikosa maji, hesabu ni ya siku, na kwenye joto ni siku tatu nne hivi. Kwa hiyo wale watano waliokolewa na ule mchuruziko uliomkera kila mchimbaji aliyewahi kushuka shimoni. Mende na vyura waliongeza kidogo. Zaidi ya hapo, nadhani, viliwapa kazi ya kufanya gizani. Mtu anayewinda mende bado hajajilaza kufa.

Wale 33 wa Chile, mgodi wa San José, walikuwa na maji na akiba ndogo ya chakula. Mgodi uliwafungia tarehe 5 Agosti 2010, karibu mita 700 chini ya ardhi. Msimamizi wa zamu, Luis Urzúa, na wenzake waliigawa ile akiba hadi ikawa vijiko viwili vya samaki wa kopo na maziwa kidogo kwa kila mtu, mara moja kila baada ya saa 48. Siku 17 hivyo hivyo, juu hakuna anayejua kama wako hai. Siku ya 17 ncha ya mashine ya kutoboa ikatokeza mle walimokuwa. Wakaigonga, wakaipaka rangi nyekundu, wakaifunga karatasi. Ilipopandishwa juu, karatasi ikasema wako salama wote 33. Walitolewa mmoja mmoja siku ya 69.

Sasa sikiliza jambo ambalo kambi nyingi hazilijui. Mkimtoa mtu aliyeshinda njaa wiki nzima au zaidi, *msimpe ugali*. Najua huruma itawasukuma mmsongee, mmchinjie kuku. Mwili uliozoea njaa umepungukiwa chumvichumvi za ndani zinazoendesha moyo. Ukiujaza wanga ghafla, zile chache zilizobaki zinakimbilia kwenye seli kukishughulikia chakula, damu inabaki tupu, na moyo unaweza kusimama. Baada ya Vita Kuu ya Pili wafungwa wengi waliokuwa wamestahimili kambi za njaa walikufa siku chache baada ya kufunguliwa, sahani mbele yao. Mpeni maji kwa vijiko, uji mwepesi kidogo kidogo, na mkimbizeni hospitali ambako atapimwa damu na kuongezewa chakula polepole kwa siku kadhaa. Na mfungeni kitambaa machoni kabla ya kumtoa juani.

*

*Bibi, nasoma kidato cha pili. Mwalimu alitusimulia msichana wa Komoro aliyepona peke yake ndege ilipoanguka baharini. Je, kuna kitu alifanya au ni muujiza tu?* — Msomaji, Tanga

Mjukuu wangu, nimefurahi umeuliza hivyo, kwa sababu watu wakishasema muujiza huwa hawaulizi tena.

Anaitwa Bahia Bakari. Alikuwa na miaka 12, akiishi Ufaransa, akisafiri na mama yake kwenda kuwaona ndugu Komoro, kule kwa jirani zetu ambao lugha yao ni ndugu ya damu na Kiswahili. Usiku wa kuamkia tarehe 30 Juni 2009 ndege ya shirika la Yemenia iliyotoka Sana'a, Yemen, ilianguka baharini ikikaribia Moroni, mji mkuu wa Komoro. Watu 153. Akabaki yeye. Hakuwa na jaketi la kuokolea, kuogelea alijua kidogo sana, mtulinga umevunjika, nyonga imeumia, ana majeraha ya moto. Alipata kipande cha ndege kinachoelea. Alijaribu kukipanda, kikamkataa, basi akakikumbatia. Zaidi ya saa 9, gizani, mawimbi, ladha ya mafuta ya ndege mdomoni. Mwanzoni alisikia sauti za wanawake wakilia. Kisha hakuzisikia tena.

Asubuhi chombo kilichoitwa Sima Com 2 kilimwona. Wakamrushia boya, hakuweza kulishika, bahari ilikuwa chafu na mikono imekwisha. Baharia mmoja akaruka majini akamfuata. Hapo kuna vitu viwili, mjukuu wangu. Alichofanya yeye ni kutokiachia kipande kile. Na alichofanya mtu mwingine ni kuruka.

Kuna jambo moja alilolieleza baadaye ambalo mimi, nikiwa mama, sikulala nilipolisoma. Kule majini alidhani ndege haijaanguka. Alidhani ameanguka yeye peke yake, kwa sababu aliegemeza paji la uso kwenye dirisha kwa nguvu mno, na kwamba mama yake amefika salama na atamgombeza kwa kutofunga mkanda. Mpaka hospitali alikuwa bado anajiona mkosaji. Alikuja kuambiwa huko kwamba mama hayupo. Mwaka 2022, akiwa mtu mzima, alisimama mahakamani Paris akayasema haya yote katika kesi dhidi ya shirika lile, nalo likatiwa hatiani.

Mwalimu wako akitaka mwingine, mpe Juliane Koepcke. Tarehe 24 Desemba 1971 ndege ilivunjikia hewani juu ya msitu wa Peru, akaanguka karibu kilomita tatu akiwa amefungwa kwenye kiti chake. Alikuwa na miaka 17. Wazazi wake walikuwa watafiti wa wanyama na aliishi nao msituni, na baba alikuwa amemfundisha kwamba ukipotea fuata kijito, kijito kitakupeleka kwenye mto, na mtoni kuna watu. Alitembea siku 11 na kiatu kimoja. Alikuta watu mtoni.

*

*Hujambo Mama. Nilikuwa mtaa wa Huruma 2016 ghorofa lilipoporomoka, tulichimba kwa mikono. Kuna jamaa tulimtoa akiongea vizuri, akafa njiani. Hadi leo huwa najiuliza kama tulimvuta vibaya.* — Msomaji, Nairobi

Sijambo mwanangu, na pole. Hukumvuta vibaya.

Nguzo au kifusi kikikaa juu ya paja la mtu kwa saa nyingi, nyama ya chini inakufa na kuzalisha sumu, lakini sumu inabaki palepale kwa sababu damu haipiti. Siku mnayonyanyua lile zege mkishangilia, ndipo sumu inapopata njia ya kwenda kwenye moyo na figo. Ndiyo maana anaongea vizuri kisha anakatika. Madaktari wa London waliliandika mwaka 1941 wakati wa mabomu ya Vita Kuu ya Pili. Dawa yake ni dripu ya maji inayoanza *kabla* ya kumwondolea mzigo, na hilo linahitaji mtu wa afya pale kwenye kifusi. Ninyi mlikuwa na mikono mitupu na mvua. Mikono ya aina hiyo ndiyo iliyofanya mtoto mchanga atolewe pale baada ya saa kama 80, na wengine siku ya sita.

*

*Bibi, mtu akipotea baharini anywe maji ya chumvi kidogo au mkojo?* — Msomaji, Mafia

Maji ya chumvi asinywe hata kidogo. Figo zinatumia maji mengi zaidi kuitoa chumvi kuliko aliyoyanywa. Mkojo nao ni chumvi na taka zilezile zikirudi. Afunike kichwa, alowanishe nguo mchana, akinge mvua kwa turubai. Na kabla hujatoka, mwachie mtu wa nchi kavu ujumbe unakwenda wapi na unarudi saa ngapi.

*

*Bibi, mume wangu alifukiwa duarani mwaka jana. Walichimba siku mbili wakasema basi, tukaanza msiba. Sasa mtoto wetu wa miaka tisa amesikia redioni habari za wale wa siku 41. Ananiuliza kwa nini baba hakutoka. Jirani mmoja kamwambia waliotoka walisali sana. Nimjibu nini?* — Mama, Geita

Mwanangu, barua yako nimekaa nayo wiki mbili.

Nitakueleza jambo ambalo sikuwahi kumwambia mama yangu. Mwaka 1998 mdogo wangu alifukiwa kwenye shimo. Shimo lenyewe silitaji wala mwenye nalo. Walichimba siku tatu, matimba, yale magogo yanayoshikilia kuta, yakaanza kulia, wakaogopa, wazee wakakaa wakasema tukubali. Na mimi, muuguzi, mtu wa kusikilizwa pale nyumbani, nikasema tukubali. Turubai likafungwa, tukapika. Siku ya sita vijana wenzake walirudi wenyewe bila kuruhusiwa na mtu, wakamtoa. Nilikwenda kumwona chumba cha maiti. Nimeona miili mingi, najua mwili wa mtu aliyekufa siku sita zilizopita unavyokuwa. Ule wake haukuwa wa siku sita.

Ndiyo sababu nimewachosha wasomaji wa ukurasa huu kwa habari hizi miaka yote. Natamani kila kambi na kila mwalo ujue: zimeni mashine zote kila baada ya muda, nyamazeni, mtu mmoja agonge chuma mara tatu, kisha wote msikilize. Wale wa Nyangarata walisikika kwa sauti zao. Na mwenye kuamua kwamba kuchimba kumekwisha asiwe mtu wa msiba aliyechoka kama nilivyokuwa mimi.

Lakini hilo ni la kambi, si lako. Wewe hukufunga shimo. Na mumeo hakupungukiwa sala. Yule wa sita wa Nyangarata alikuwa na wenzake watano, maji yaleyale, giza lilelile, pengine dua zilezile. Kwenye MV Nyerere walikuwemo mama waliokuwa wakimwita Mungu kwa nguvu kuliko fundi yeyote. Hewa ilibaki upande mmoja, ikakosekana upande mwingine. Jirani yako mwambie kwa heshima asimrudie mtoto maneno yale.

Mtoto usimwache bila jibu. Umesoma habari ya Bahia hapo juu: mtoto asiyeambiwa anajitungia sababu, na katika sababu hiyo mkosaji ni yeye. Huenda wako anadhani baba hakutoka kwa sababu siku ile aligoma kumuaga, au alisali vibaya. Muulize anadhani ni kwa nini, umsikilize hadi mwisho kabla hujamsahihisha.

Kisha mwambie ukweli mfupi. Ukuta uliporomoka pale baba aliposimama. Wale wengine ukuta uliwafungia pembeni, wakabaki na nafasi na maji. Baba hakuacha kuja kwa kutaka. Usiseme amelala, ataogopa kulala. Usiseme amesafiri, atamngoja. Mwambie mkiwa mnafanya kazi ya mikono, mnachambua mchicha au mnatoa mawe kwenye mchele, ili asilazimike kukutazama usoni akiwa anasikiliza. Akinyamaza, endeleeni na mchele. Akiuliza tena kesho, mjibu tena.